Maswali tunayoulizwa kuhusu programu za kuendesha skrini za biashara, Arusha na Moshi

Tunafunga skrini kwenye migahawa, maduka ya dawa, hoteli na ofisi za safari, kuanzia Ngaramtoni mpaka Kiboriloni. Maswali haya tumeyapanga jinsi yanavyoingia kwenye simu zetu, si kwa uzito wake. Mengine jibu lake ni mistari miwili. Mengine yametutoa jasho.

Hii programu ya skrini ni kitu gani hasa? Si ninunue TV tu?

TV ni kioo. Kinaonyesha unachokipa, na usipokipa kitu kinabaki na jina la kiwanda likizunguka kutoka kona hadi kona. Programu ndiyo inayoamua kionekane nini, saa ngapi, kwenye skrini ipi. Utakutana na vitu vitatu: skrini yenyewe, kiboksi kilichochomekwa nyuma yake, ambacho kinaweza kuwa kompyuta ndogo, stiki au hata chipu iliyomo ndani ya TV, na dashibodi, yaani ukurasa unaoufungua kwenye simu au kompyuta kupanga matangazo. Wateja wengi huuliza sana kuhusu skrini na dashibodi. Kinachowaliza baadaye ni kiboksi.

Kwa nini nisichomeke fleshi tu?

Kama una skrini moja na tangazo unalibadilisha mara moja kwa miezi miwili, chomeka fleshi. Tengeneza slaidi zako, zihifadhi kama video, halafu iambie TV irudie bila kukoma. Kuna saluni Kijenge imekwenda hivyo mwaka wa tatu sasa na haijawahi kutulipa hata shilingi. Sawa kabisa.

Fleshi inaanza kukushinda unapofikisha skrini ya tatu, au bei zinapobadilika kila wiki, au unapofungua tawi Moshi nawe uko Arusha. Kilomita 80 kwenda kubadilisha bei ya kuku ni nyingi. Halafu fleshi ina ugonjwa wake: TV ikizimika na kuwaka, mara nyingi video haiendelei. Inarudi kwenye ukurasa wa mwanzo ikimsubiri mtu mwenye rimoti. Rimoti iko kwenye droo ya kaunta, ufunguo wa droo anao mama, na mama ameenda Kilombero sokoni.

Umeme ukikatika inakuwaje?

Hili lilipaswa kuwa swali la kwanza la kila mtu, na karibu kila mtu huliuliza baada ya kulipa.

Umeme ukirudi, mambo manne lazima yatokee pasipo mkono wa mtu: TV iwake, ibaki kwenye tundu sahihi la HDMI, kiboksi kiwake, na programu ifunguke na kuendelea na matangazo. Likikwama moja tu, wateja wako wanakula mbele ya skrini ya bluu. TV nyingi za nyumbani umeme ukirudi hubaki zimelala na kitaa chekundu. Baadhi zina mipangilio iliyofichwa kwa ajili ya hoteli, na humo unaweza kuiamuru iwake yenyewe na kwenda moja kwa moja kwenye HDMI. Skrini zilizotengenezwa kwa biashara huwa nayo waziwazi. Kabla hujanunua TV, mwambie muuzaji aichomoe ukutani ikiwa inawaka, kisha airudishe. Akikuambia "hiyo si shida, boss," mwambie basi aichomoe.

Upande wa kiboksi, uliza kama programu inajifungua yenyewe mashine inapowaka. Kwenye stiki na viboksi vya Android si zote zinazoweza. Nyingine hukuachia ukurasa wa mwanzo wenye picha za filamu. Ukitumia Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya saizi ya kiganja, adui ni kadi ya kumbukumbu: umeme ukikatika wakati inaandikwa inaweza kuharibika na kiboksi kisiwake tena. Tunachofanya ni kuweka UPS ndogo, yaani betri ya kushika umeme unapokatika, kwa ajili ya kiboksi na ruta tu. Vyote viwili vinakula wati chache, hivyo hata UPS ya bei nafuu inavibeba muda mrefu. TV iache izimike, haina cha kupoteza. Ila iwekee gadi inayochelewesha umeme dakika chache, kwa sababu volti 230 za kwenye karatasi haziji 230 dakika ile ya kwanza.

Na tafadhali, chaja ya simu si chaja ya Raspberry Pi. Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3. Pi 5 inaweza kutaka hadi ampea 5. Ukiona alama ya radi kwenye kona ya skrini, umeme hauitoshi, na siku si nyingi itaanza kujizima katikati ya tangazo.

Intaneti ikikata je? Na bando litakwenda wapi?

Programu ziko za aina mbili, na tofauti hii ni kubwa kuliko tofauti zote wanazokuonyesha kwenye matangazo yao. Aina ya kwanza inashusha picha na video, inazihifadhi ndani ya kiboksi na kuzicheza kutoka humo. Intaneti inaihitaji kuulizia kama kuna jipya. Aina ya pili inavuta video kutoka mtandaoni kila inapocheza.

Piga hesabu. Video safi ya 1080 inaweza kwenda megabiti 8 kwa sekunde, ambayo ni megabaiti 1. Tangazo la dakika moja ni kama MB 60. Programu ya aina ya kwanza inatumia hizo MB 60 mara moja na hadithi imekwisha. Ya aina ya pili ikivuta saa 12 mfululizo inakula zaidi ya GB 43 kwa siku, skrini moja. Bando gani hilo? Hata mwenye faiba atasikia, maana mashine ya kulipia na simu za wafanyakazi ziko kwenye mtandao huohuo.

Usitosheke na neno "inafanya kazi bila intaneti". Uliza ni kwa siku ngapi. Programu za kulipia kwa mwezi huhakiki leseni mtandaoni, na nyingine zikikosa kuhakiki kwa muda fulani hufunga skrini. Uliza pia vile vipande vya hali ya hewa, habari na mitandao ya kijamii vinakuwaje mtandao usipokuwepo: vinaondoka kimyakimya, au vinaacha shimo jeusi katikati ya menyu? Tumeona shimo jeusi mara nyingi kiasi kwamba siku hizi hali ya hewa hatuiweki mpaka mteja ang'ang'anie. Mtu aliyekaa mgahawani Moshi akitaka kujua hali ya hewa anachungulia nje kama mlima umejifunika.

Kati ya zote, ipi nzuri?

Jibu letu halijawahi kuwa moja, lakini hizi ndizo tunazokutana nazo zaidi.

Xibo ni ya chanzo huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Dashibodi yake unaweza kuiweka kwenye seva yako, yaani kompyuta inayowaka muda wote kuhudumia skrini, bila kulipia leseni, na programu ya kiboksi kwa Windows na Linux ni ya bure. Ya Android na ya skrini za LG na Samsung inalipiwa kwa kila skrini. Ina nguvu sana, inahifadhi kila kitu ndani, inatoa ripoti. Kasoro yake ni kwamba seva ni ng'ombe: lazima awepo wa kumkamua. Kama kwenye ofisi yako hakuna mtu wa kompyuta, lipia wanaokutunzia seva au achana nayo.

Yodeck ilianzia kwenye Raspberry Pi na sasa inakubali vifaa vingine. Skrini moja ni bure, kwa hiyo ndiyo tunayompa mtu anayetaka kujaribu kabla ya kuamini. Dashibodi yake mhudumu wa kaunta anaielewa kwa mchana mmoja.

Anthias, ambayo zamani iliitwa Screenly OSE, ni huria na ya bure kwenye Raspberry Pi. Lakini kila skrini inaongozwa peke yake, kwa kufungua anwani yake ukiwa kwenye mtandao wa humo ndani. Kwa skrini moja ya zahanati ni nzuri mno. Kwa skrini sita kwenye matawi mawili utachoka.

Kuna OptiSigns, ScreenCloud na nyingine nyingi zinazofanana na Yodeck. Samsung wana MagicINFO na LG wana SuperSign kwa skrini zao za kibiashara: hizo zinafaa hoteli kubwa iliyonunua skrini 20 za aina moja. Ukichanganya aina za skrini, ambavyo ndivyo hali ilivyo kwa wengi wetu, usijifunge kwa mtengenezaji mmoja. BrightSign ni kiboksi cha kazi ngumu kisichoyumba, na bei yake inakuambia hivyo mapema.

Bei ikoje, na ninalipaje?

Nyingi za kulipia huanzia dola 8 hadi 10 kwa skrini kwa mwezi, na zenye mambo mengi hupanda zaidi ya hapo. Ukiisikia unaona ni soda mbili tatu za watalii. Zidisha: dola 10, skrini 5, miezi 12, ni dola 600 kwa mwaka, miaka mitatu ni 1,800. Kwa fedha hiyo seva ya Xibo na mtu wa kuitunza inaanza kuonekana na maana. Kwa skrini mbili haina maana hata kidogo.

Kulipa kunahitaji kadi. Kama huna ya benki inayokubali malipo ya nje, kadi za mtandaoni zilizounganishwa na M-Pesa au Airtel Money hufanya kazi kwa kampuni nyingi, ila hakikisha salio lipo siku ya kukatwa, la sivyo skrini inalala Jumamosi usiku. Lipia mwaka mzima kama unaweza. Uliza kama bei imejumuisha VAT, na hifadhi ankara zao, maana risiti ya EFD kutoka kwao hutaipata na mhasibu wako atakuja kukuuliza.

Umeme wenyewe hauogopeshi. Skrini ya inchi 55 inayokula wati 120, ikiwaka saa 14, ni yuniti 1.7 hivi kwa siku. Kwa bei ya LUKU ya karibu shilingi 356 kwa yuniti, hiyo ni kama shilingi 600 kwa siku, au elfu 18 kwa mwezi.

TV niliyonayo nyumbani itafaa?

Ndani ya duka lenye kivuli, ndiyo, kwa saa nane hadi kumi kwa siku. Lakini usiifunge wima bila kusoma kitabu chake: nyingi hazikuundwa kupoza joto zikiwa zimesimama, na waranti inaweza kufa hapohapo.

Dirishani ni habari nyingine. Mwanga wa skrini hupimwa kwa niti. TV ya nyumbani ina kama 250 hadi 350, skrini ya biashara 400 hadi 700, na ya kutazama jua la nje inataka 2,500 na kuendelea. Mteja mmoja karibu na Mnara wa Saa alituambia programu yetu ina kasoro, matangazo hayaonekani mchana. Tulikwenda. Programu ilikuwa inacheza vizuri kabisa. Jua ndilo lililokuwa limeshinda. Na Moshi, iliyo chini karibu mita 800 kutoka usawa wa bahari wakati Arusha ni kama 1,400, joto la nyuma ya kioo linaua kiboksi kabla ya TV. Kiache kipumue, usikifunge kwenye boksi la mbao kwa ajili ya urembo.

OLED usiweke menyu. Nembo yako itajichora pale milele.

Kwa nini chai ya asubuhi inatokea mchana?

Kwa sababu ya saa, na sisi Waswahili tunayo sababu ya ziada ya kukosea.

Kosa la kwanza ni la mashine. Programu nyingi zikifunguliwa huanza na saa ya dunia, UTC, na sisi tuko saa tatu mbele. Ukiona kila kitu kinachelewa saa tatu kamili, usihangaike, ni hilo. Kwenye Windows ukitafuta Dar es Salaam kwenye orodha ya majira hutaiona. Chagua Nairobi, saa ni ileile.

Kosa la pili ni letu. Bosi anampigia mhudumu: "Weka tangazo la nyama choma lianze saa moja." Mhudumu anaandika 1:00. Nyama choma inaanza saa saba usiku, mlinzi peke yake ndiye mtazamaji. Tunawaandikia wateja karatasi na kuibandika kando ya kompyuta: saa 1 asubuhi ni 7:00, saa 6 mchana ni 12:00, saa 1 jioni ni 19:00. Inachekesha mpaka siku ikukute.

Kosa la tatu ni la Raspberry Pi, ambayo haitunzi saa umeme ukikatika. Pi 5 ina saa ya ndani lakini betri yake unanunua kando. Umeme ukirudi na intaneti isirudi, kiboksi kinadhani ni wakati kilipozimika. Mgahawa mmoja tuliouhudumia ulikuwa na ratiba nzuri sana: mtori na chapati asubuhi, ndizi nyama mchana, mishikaki jioni. Umeme ukakatika usiku, ukarudi alfajiri, ruta ikagoma. Watu wakaamkia mishikaki. Wawili wakaagiza, na jiko la mkaa lilikuwa bado halijawashwa. Tangu hapo tunaweka betri ya saa.

Nani atabadilisha bei? Mimi sina muda.

Basi usichague programu unayoipenda wewe, chagua anayoiweza yule atakayeitumia Jumatatu saa mbili asubuhi. Wakati wa majaribio mpe simu dada wa kaunta, mwambie abadilishe bei ya soda, kisha nyamaza. Akimaliza ndani ya dakika tatu bila kukuuliza, umepata programu. Akikuuliza mara nne, hata iwe ya dola 30, haitatumika.

Tafuta inayotoa ngazi za ruhusa, ili yeye aguse bei na picha tu, asiweze kufuta ratiba nzima kwa kidole kimoja. Nzuri zaidi ni inayosoma bei kutoka kwenye jedwali la Google: menyu inachorwa mara moja, bei zinakaa kwenye jedwali, akibadilisha namba pale skrini zote zinafuata. Xibo nayo ina majedwali yake ya ndani kwa kazi hiyohiyo. Ukiona mtu anafungua upya picha nzima ya menyu ili kubadilisha 3,500 kuwa 4,000, kesho ataacha, na skrini itabaki na bei ya zamani. Mteja ataisoma kwa sauti mbele ya keshia.

Picha zangu zinatoka na ukungu. Programu ni mbovu?

Hapana, ni WhatsApp. Mchoraji alikutumia kama picha, ikabanwa. Mwambie atume kama dokumenti, ikiwa na ukubwa wa 1920 kwa 1080, au 1080 kwa 1920 kwa skrini ya wima. Kuhusu maandishi, kwa kila mita tatu za umbali wa msomaji herufi iwe na urefu wa sentimita 2.5 hivi. Menyu yenye vyakula 40 kwenye skrini moja haisomeki hata na aliyeiandika.

Nataka mpira na matangazo kwenye skrini moja.

Kwa AFCON ya 2027 inayokuja hapa nyumbani, swali hili tunalipata kila wiki. Ving'amuzi vya kulipia hufunga mawimbi yake ya HDMI yasinaswe na kifaa kingine, kwa hiyo programu ya matangazo haiwezi kuyaweka kwenye kona ya ukurasa wako. Anayekuambia anaweza, muulize anapitia wapi. Tenga TV ya mpira na TV ya matangazo. Na kifurushi cha nyumbani si cha baa. Kuna vifurushi vya biashara, na ukaguzi hufanyika. Muziki na video za wasanii nazo zina wenyewe: swali la kibali lipeleke kwa Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA.

Ofisi yetu ya safari inaandika bei kwa dola. Niweke hivyo kwenye skrini ya mapokezi?

Usiweke kabla ya kuongea na mhasibu. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni za mwaka 2025 zinakataza kutangaza na kutoza bei za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Karatasi ya bei mtu anaweza kuificha mezani. Skrini ya inchi 55 inayotazama barabara haifichiki. Tumia programu inayosoma jedwali, weka shilingi, na bei ibadilike unapoamua.

Kwa wageni, weka kurasa za Kiingereza na Kiswahili zikipishana. Usibananishe lugha mbili kwenye ukurasa mmoja.

Sisi ni zahanati. Tunaweza kuita wagonjwa kwa majina kwenye skrini?

Itumie namba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakugusa, na hata isingekuwepo, mtu aliyekuja kupima kitu chake hataki jirani wa Pasua alisome jina lake kando ya neno maabara. Hakikisha programu ya matangazo inaweza kuongea na mashine ya foleni, la sivyo utakuwa na skrini mbili zinazogombana. Wapo pia wanaouza kamera za kuhesabu watazamaji na kukadiria umri wao. Kwa duka la kawaida hapa kwetu hatujaona faida yake inayolingana na maelezo utakayodaiwa.

Nahitaji kibali?

Kwa skrini ya ndani, inayotazamwa na wateja walio ndani, hatujawahi kuona mtu akisumbuliwa. Inayotazama barabara ni bango, na bango lina ada na utaratibu. Nenda Halmashauri ya Jiji la Arusha au Manispaa ya Moshi kabla ya kutoboa ukuta, na kando ya barabara kuu usisahau TANROADS. Nenda na mchoro na vipimo; ukienda na maneno utarudishwa.

Naweza kuuza nafasi ya matangazo kwa wengine?

Ndiyo, na sehemu zenye watu wanaosubiri, kama vile stendi, maduka ya dawa na vinyozi, zina utajiri ambao wengi hawajauona. Anayelipa atataka ushahidi. Chagua programu yenye ripoti ya uchezaji, inayoonyesha tangazo lake lilicheza mara ngapi, siku gani, skrini ipi. Xibo inayo, baadhi ya nyingine huiweka kwenye kifurushi cha juu tu. Muulize muuzaji kabla, kwa sababu bila ripoti hiyo utabaki kuapa.

Kuna kiboksi cha Android cha bei ya chini sana mjini. Kinafaa?

Baadhi ya vile visivyo na jina la maana vimewahi kukutwa na programu hasidi tangu kiwandani. Kwenye mtandao mmoja na kompyuta yako ya mauzo? Ongeza kidogo, nunua stiki yenye jina au Raspberry Pi, na kama ruta yako inaruhusu, tenganisha mtandao wa skrini na wa malipo.

Nijaribu vipi kabla ya kulipa?

Karibu zote zinatoa majaribio ya wiki moja au mbili. Watu huyatumia kuangalia rangi na mitindo. Yatumie kuitesa. Siku ya kwanza weka tangazo lako halisi, si la mfano. Siku ya pili chomoa ukutani inapocheza, subiri dakika tano, rudisha, usiguse rimoti. Siku ya tatu zima ruta asubuhi, iwashe kesho yake, utazame skrini kutwa. Siku ya nne mpe dada wa kaunta simu. Siku ya tano waandikie huduma kwa wateja swali, uone wanajibu saa ngapi kwa saa zetu. Kampuni nzuri ya Marekani inaweza kuwa imelala wakati wewe unafungua mgahawa. Iliyofika siku ya tano bila kukuaibisha, hiyo ilipie, hata kama dashibodi yake ni mbaya kwa macho.

Fundi aliyenifungia amepotea na simu haipatikani. Mnaweza kuingia?

Mara nyingi hapana. Alifungua akaunti kwa barua pepe yake, na kwa kampuni ya programu mwenye skrini ni yeye. Tumewahi kulazimika kufuta viboksi vyote vya duka moja na kuanza upya, pamoja na michoro, kwa sababu hiyo tu.

Akaunti ifunguliwe kwa barua pepe ya biashara yako, kadi iwe yako, nenosiri uliandike wewe. Michoro ya asili hifadhi kwako, nje ya dashibodi, maana programu nyingi hazikupi njia ya kuhamisha ratiba kwenda kwa mshindani. Fundi mwongeze kama mtumiaji wa kawaida. Nasi tukimaliza kazi tunajitoa kwenye akaunti mbele yako. Ukitaka tubaki kwa huduma, unatuongeza mwenyewe, na siku tukikorofishana unatutoa bila kutupigia.